Utepe wa Chui

Izigo, Muleba
4 Machi 2024

Kwa Daktari,
Kliniki ya Mifugo, Miembeni, Bukoba

Ndugu Daktari,

Mimi ni Mwalimu Alistidia Mwijage, mstaafu, mwenye yule mbwa wa madoa aitwaye Chui aliyelala kwenu wiki iliyopita. Ninaandika kwa sababu nilipopiga simu binti wa mapokezi aliniambia nisubiri, nikasubiri mpaka salio likakata roho. Isitoshe, neno la simu mtu hulikana. La karatasi lina mwandiko na sahihi.

Nilimleta Chui achanjwe chanjo ya kichaa cha mbwa, si kingine. Nikaambiwa umeme umekatika, nimwache mpaka kesho. Nikamwacha. Kesho yake nikamtuma Joackim, mtoto wa kaka yangu, akamchukue. Mawe, mama yangu! Karudi na matope mpaka masikioni, shingo imechubuka kwa kamba, na njaa ya kula maganda ya ndizi. Nimefundisha madarasa ya watoto sabini na zaidi, na sijawahi kumrudisha mtoto wa mtu kwao katika hali ile.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni utepe. Mbwa aliyechanjwa huvishwa utepe mwekundu shingoni, kila mtu anajua. Chui kaja shingo tupu. Huku kwetu mwezi uliopita mbwa asiyejulikana alimng'ata ndama wa watu, ndama akafa anatoa mapovu. Tangu siku hiyo mwenyekiti wa kitongoji ametangaza kwamba mbwa asiye na utepe ni halali ya marungu. Vijana wanapita kibanja kwa kibanja. Jumamosi wameua wawili hapa jirani, na mmoja alichukua muda mrefu kufa. Nilimsikia mpaka mwisho.

Chui alikuwa wa marehemu mume wangu. Hulala juu ya kaburi lake pale kibanjani, chini ya migomba, na wageni wengi hudhani nimemfunga hapo. Sasa nimemfungia jikoni. Mjukuu wangu Annastella, mwenye miaka sita, anampitishia chakula mlangoni. Nikisikia vishindo vya miguu nje, naubana mlango kwa mgongo wangu.

Nauomba huo utepe, na uje upesi. Kwa huduma yenu nimewapa alama tatu kwa kumi, na hizo tatu ni za huruma.

Mwl. Alistidia Mwijage


Miembeni, Bukoba
6 Machi 2024

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ndiye yule binti wa mapokezi, naitwa Zuena. Tafadhali nisamehe kwa habari ya simu. Kuna ng'ombe alikuwa anazaa uani na mwenyewe ananivuta mkono, nikajikuta nimeiweka simu chini nikaisahau. Na kwa matope ya Chui nisamehe pia. Mvua ile iliingia hadi kwenye mabanda.

Daktari Riyadhi hayupo, amekwenda Mwanza, mama yake amelazwa. Barua yako nimeifungua mimi. Nilipofika kwenye marungu nikashindwa kula. Nilimwona Chui hapa, Mwalimu, ni mbwa mpole, alikuwa ananilamba viatu nikipita. Sikuweza kusubiri Daktari arudi huku Chui anawindwa.

Kwa hiyo nakutumia utepe huu kwa konda wa basi, atauacha dukani kwa Clavery hapo Izigo. Nimekukatia mrefu ili ukichakaa ubadilishe. Mvishe leo leo, watu wauone.

Daktari akirudi, tafadhali mlete Chui tena tumwangalie. Usiache, Mwalimu wangu, nakuomba sana.

Binti yako,
Zuena


Izigo
17 Machi 2024

Zuena binti yangu,

Marahaba. Utepe umefika, na wewe nimekupandisha hadi alama saba. Huyo daktari wako bado yuko palepale kwenye tatu.

Mungu akubariki, kwa maana siku ya pili tu vijana walifika. Walisimama mlangoni na marungu yao, wakauona utepe, wakaniamkia na kupita zao. Nilikaa chini kwenye majani nikalia. Tangu hapo Chui anatembea huru na watoto wote wa jirani wanacheza naye. Mama zao waliokuwa wanawavuta mikono sasa hawana neno.

Na ule mrefu haukupotea bure. Jirani yangu Ta Protase, yaani Mzee Protase, aliyekuwa rafiki wa marehemu, ana mbwa wake Tomi. Hana wa kumpeleka Bukoba, miguu yenyewe ni ya kuvuta. Alikuja kwangu, anasema vijana watamfikia kesho. Nikachukua mkasi wa kushonea, nikakata kipande, nikamfunga Tomi mwenyewe kwa mikono yangu. Naye amepona. Usimwambie daktari wako, asije akanuna.

Juzi mchana tulipata kioja. Mbwa mgeni kaingia kibanjani, mate yanamchuruzika, anatembea upandeupande. Chui kamrukia, Tomi naye kaja kusaidia. Walipigana mpaka mibuni ikavunjika. Vijana wakamuua yule mgeni bondeni. Chui ana jeraha kwenye pua na Annastella anamwosha kwa maji ya chumvi. Zamani ningekufa kwa hofu. Ila sasa najua amechanjwa, nimelala usingizi wangu.

Kumleta tena Bukoba, hapana, mwanangu. Mtu akichoka na mgahawa harudi kwa sababu ya mhudumu mmoja mwenye tabasamu.

Mwl. Alistidia


Miembeni, Bukoba
30 Machi 2024

Mheshimiwa Mwalimu Alistidia,

Nimerejea kutoka Mwanza na kuzisoma barua zako. Napokea lawama zako zote kuhusu usafi na mapokezi, nasi tutajirekebisha.

Kuna jambo la kitaalamu kuhusu huduma ya Chui ambalo ningependa tulizungumze ana kwa ana. Nimepiga simu mara nyingi, inaita tu. Wakati nikisubiri jibu lako, naomba kwa heshima umfunge Chui mahali peke yake, na mtoto asimguse. Tomi vilevile. Naomba pia unijulishe: je, Chui anakula? Sauti yake ni ileile? Je, amemng'ata au kumkwaruza mtu yeyote, hata kidogo?

Usiwe na wasiwasi, hii ni tahadhari ya kawaida tu.

Wako katika huduma,
Dkt. Riyadhi Omary


Izigo
3 Aprili 2024

Daktari,

Namba yako niliiona. Sikupokea kwa makusudi.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mbwa wangu ameteseka kwako, na sasa unaniuliza kama amemng'ata mtu! Unatafuta kosa upande wangu ili langu na lako yafutane. Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na minne, mtoto anayezunguka swali namjua kabla hajafika mstari wa pili. "Jambo la kitaalamu." Jambo gani? Mbona halina jina?

Chui hajamng'ata mtu. Andika hivyo, pigia mstari.

Ila kwa kuwa umeuliza kuhusu sauti, nitakwambia mlichomfanyia. Mmempa ugonjwa wa koo kwenye yale mabanda yenu machafu. Tangu juzi sauti yake imekuwa nzito, anabweka kama mtu aliyekabwa. Hali chakula. Taya limelegea, mate hayakauki. Nikampa maji, anatumbukiza mdomo, hayaendi. Nikasema huu ni mfupa. Nikaketi naye mlangoni, nikampanua kinywa, nikaingiza mkono mpaka kwenye shina la ulimi nikitafuta. Hakuna mfupa. Nimetoka na michubuko ya meno tu. Maskini, hata hakukusudia.

Sasa amejificha chini ya kitanda anachokilalia Annastella, hataki mwanga. Ninamwonea huruma, naye ananitazama kama hanijui. Hilo la mwisho ndilo linaloniogopesha.

Nataka dawa ya koo, na nataka mlipe kosa lenu kwa kuileta wenyewe.

Mwl. Alistidia Mwijage


Miembeni, Bukoba
4 Aprili 2024

Mwalimu,

Zuena amekuletea barua hii kwa pikipiki. Isome ukiwa umesimama. Kabla hujafika mwisho, mtoe Annastella kwenye chumba hicho na ufunge mlango kwa nje. Usimfungulie Chui kwa sababu yoyote, hata akilia.

Chui hakuchanjwa.

Usiku ule umeme ulikatika mpaka asubuhi na chanjo zikaharibika kwenye friji. Nilimwambia Zuena amwambie kijana wako amrudishe Chui wiki inayofuata, kisha nikapigiwa simu ya mama nikaondoka bila kuhakikisha. Zuena alizidiwa na wateja, akasahau. Ilipofika barua yako ya marungu, aliona haya kusema, na alimwonea Chui huruma. Akatuma utepe umkinge na vijana mpaka nirudi. Hakujua kwamba utepe unaweza kuua. Mimi nilijua. Niliporudi nikaambiwa, na bado nikakuandikia "tahadhari ya kawaida", kwa sababu niliogopa kupoteza leseni yangu. Siku zile nilizokuwa nachagua maneno ningekuwa nimeshafika kwako.

Hana mfupa kooni. Anachokionyesha ni kichaa cha mbwa.

Osha mkono wako kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima, Zuena atakumiminia. Kisha panda gari uende hospitali Muleba, wewe na mtoto, leo. Sikuulizi tena kama amemng'ata. Nenda naye tu. Ugonjwa huu ukishamwingia mtu, hukaa kimya wiki nyingi, na katika kimya hicho sindano inaokoa. Ukishajitokeza, mkono unawasha, mtu anaogopa upepo, koo linakataa maji, basi. Hapo hakuna sindano wala daktari duniani.

Ulisema neno la karatasi halikanwi. Hili hapa. Lina mwandiko wangu na sahihi yangu, na unaweza kulipeleka popote unapotaka. Ila lipeleke baada ya kutoka hospitali.

Mimi natafuta chanjo na vifaa, ninakuja nyuma ya Zuena.

Riyadhi Omary


Muleba
9 Aprili 2024

Daktari,

Tupo hapa mjini kwa binamu yangu, karibu na hospitali, mpaka sindano za mwanzo ziishe. Ninaandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umevimba, nisamehe mwandiko.

Nilisema Chui hajamng'ata mtu. Nilisema uongo. Alimng'ata Annastella kwenye kiganja siku mbili kabla ya barua ile, alipokuwa anamsogezea bakuli. Mama yake, Edvina, yuko Mwanza, na alishaniambia kwamba siku mbwa yule akimgusa mwanawe atakuja kumchukua na sitamwona tena. Nikamwosha, nikampaka majivu, nikamfundisha kusema amejikata kwa wembe. Nilimfundisha vizuri. Hata kwa nesi alisema wembe, mpaka nikapiga kelele mbele ya watu wote, "Mwambie kweli, mwanangu, mwambie Bibi alikudanganya!" Mficha maradhi kifo humuumbua, methali hiyo nimeiandika ubaoni mara ngapi.

Zuena alinishika mkono njia nzima. Sijamsamehe, lakini sikuuachia mkono wake. Mwambie.

Nilikusikia ulipofika, Daktari. Nilikuwa natoka na mtoto, nikasikia mlango ukifunguliwa, kisha Chui akatoa ile sauti, kisha kimya. Asante kwamba hukutumia marungu. Joackim ananiambia umekata kichwa ukapeleka maabara, na mwili umezikwa mbali na kibanja. Annastella anauliza kwa nini hakuzikwa kwa Babu.

Ta Protase nitamwambia nikirudi. Najua. Usinikumbushe.

Namwangalia mtoto akilala na kuhesabu pumzi zake. Nikisinzia naota nimeingiza mkono kinywani na safari hii mfupa upo.

Alistidia


Miembeni, Bukoba
22 Aprili 2024

Mwalimu,

Majibu ya maabara yamerudi. Ni kichaa cha mbwa. Mmeanza sindano mapema, zimalizeni zote bila kuruka hata moja, na tumaini ni kubwa.

Kliniki nimeifunga mwenyewe na nimekwenda kujieleza kwa wakubwa. Wananihoji kila siku, sijaruhusiwa kutoka Bukoba. Zuena amerudi kwao. Hataki kuona kitu chekundu.

Jambo moja linaninyima raha. Nimeuliza hospitali Muleba kama Ta Protase amefika, jina lake halipo. Huku Bukoba vilevile. Na Tomi yuko wapi? Ulimwambia? Nijibu kwa mstari mmoja tu, Mwalimu.

Riyadhi


Izigo
2 Juni 2024

Daktari,

Annastella amemaliza sindano zote, na mimi pia. Kila asubuhi namwekea kikombe cha maji na kumtazama mpaka tone la mwisho. Ananicheka. "Bibi, mbona unanitazama shingo?" Leo asubuhi amekunywa chote na kuomba kingine.

Barua yako ya Aprili ilifika. Sikuijibu kwa sababu ilikuwa inauliza swali moja tu.

Nilikwenda kwa Ta Protase siku ileile tuliyorudi kutoka Muleba. Kidole gumba alikuwa amekifunga kitambaa. Tomi alimng'ata akijaribu kumtoa uvunguni, kisha akakimbia asionekane tena. Nikamwambia, "Ta Protase, nenda Muleba ukachome sindano." Akacheka. "Sindano ya nini? Tomi si ana utepe? Si ulimfunga wewe mwenyewe?"

Kumbe alidhani utepe wenyewe ndio kinga. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Utepe ule ni kitambaa tu, Ta Protase, niliukata kwa mkasi wangu. Mtoto wa darasa la kwanza angeyasema maneno hayo. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuwatukana ninyi kijiji kizima kinasikia. Asubuhi ileile, tuliposhuka garini dukani kwa Clavery, niliwasimulia watu namna watu wa Bukoba walivyofunga utepe bila chanjo, nao wakinionea huruma. Niliona haya. Nikasema, "Ni tahadhari tu." Neno lako lilelile, Daktari.

Akaniambia, "Mwalimu, miaka yote hii hujawahi kunidanganya. Kungekuwa na hatari ungeniambia." Akanikatia mkungu wa ndizi nimpelekee Annastella.

Nilijiambia nitarudi kesho. Kisha nikajiambia, mbona yu mzima, analima, anakwenda kanisani. Kila kesho ilikuwa nzito kuliko ya jana.

Leo baada ya misa amepita kwangu. Anasema mkono unawasha mpaka begani, usingizi hana, na upepo ukimpiga usoni anashtuka. Nikamkaribisha. Nikamwekea maji katika kikombe kile cha Annastella. Amekishika kwa mikono miwili, akakisogeza mdomoni, na koo lake likaruka. Akakiweka mezani taratibu, jasho linamtiririka, akaniambia kwa adabu, "Asante, Mwalimu. Sina kiu."

Ndipo nikamwambia yote, ya mkasi na ya utepe. Amenisikiliza mpaka mwisho. Hakunitukana, na laiti angenitukana. Amekaa kwenye kiti cha marehemu Mwijage, ameyapa mgongo maji, ananiangalia nikiandika. Kisha ameniuliza, "Basi hiyo sindano, nikienda kesho asubuhi na mapema, bado watanipa?"

Wewe ulinipa jibu mwezi wa nne, ninalo ndani ya sanduku.

Joackim anakuja na pikipiki. Kama hujaruhusiwa kutoka Bukoba, toka hivyo hivyo. Usiniandikie, Daktari. Njoo.

Alistidia